Shamba Namba Kumi na Saba

"Ndugu Yunusi, hebu niambie, ni mlima gani huu usio na shamba baya?"

Dakta Rwiza aliuliza huku ameinamia meza. Mbele yake zilitandazwa karatasi ambazo Yunusi alizipiga mistari kwa rula na kuzijaza namba kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea ripoti za serikali. Dakta alikuwa mtu wa Bukoba, mwembamba, msema polepole. Wanafunzi walikuwa wakisema afadhali mwalimu anayefoka kuliko huyu anayekuuliza kwa upole.

"Sijakuelewa, Dakta."

"Umepima mashamba thelathini kule Kinole. Ishirini na tisa yametoa kati ya kilo tano na kilo sita na nusu. La bondeni penye rutuba, kilo sita. Lililoning'inia kwenye mteremko ambao hata mbuzi anauogopa, kilo tano na nusu. Mahindi ya Uluguru yalifanya mkutano wa kijiji yakakubaliana?" Akageuza karatasi. "Halafu hii moja, namba kumi na saba. Kilo moja na robo. Hii ulisahau kuipika?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Kupika takwimu! Yunusi alihisi masikio yakimwaka moto. Alikuwa na miaka thelathini na sita, baba wa watoto watatu, bwana shamba wa miaka kumi na mmoja huko Gairo, na sasa alisimama mbele ya mtu aliyemzidi miaka miwili tu, mikono nyuma, kama mtoto wa darasa la tatu aliyekutwa na karatasi ya kuibia mtihani.

"Sikupika, Dakta. Nilipima kwa mikono yangu."

"Basi nieleze. Nakupa siku kumi. Anayefeli somo langu hulirudia, lakini anayepika takwimu anarudishwa alikotoka na barua mkononi. Unajua hivyo."

Alijua. Somo lenyewe liliitwa Takwimu ya Juu na Uchambuzi wa Data, na lilikuwa tishio la mwaka wa mwisho. Siku hizi mtoto anabonyeza kitufe, kompyuta inamtapikia wastani na mtawanyiko kabla hajameza mate. Mwaka ule wa sabini na saba, pale kitivo cha kilimo chini ya mlima, kulikuwa na mashine nne za hesabu za kuzungusha kwa mkono, wanafunzi arobaini, na mashine moja kati ya hizo ilikuwa imekatika meno. Ukitaka kipeo cha pili cha namba unazungusha mpaka bega linauma. Lakini waulizeni waliosoma enzi zile kama yupo hata mmoja aliyesahau jibu alilolitolea jasho.

Kila mwanafunzi alitakiwa kupima mavuno ya kijiji kimoja. Mashamba hayakuchaguliwa kwa kupenda. Unafungua jedwali la namba, unafumba macho, unashusha penseli, na namba iliyoangukiwa ndiyo kaya utakayoipima. Katika shamba hilo unapima mraba wa mita tano kwa tano, unapigilia vigingi vinne, unazungusha kamba, na unavuna kilichomo ndani ya kamba tu. Penseli ya Yunusi, bila aibu yoyote, ikaangukia pia kaya ya Bi Mwaisha, mama mzazi wa mkewe. Ndiyo namba kumi na saba. Hilo hakumwambia Dakta. Mtu hasimami ofisini kwa watu akaanza kutaja umaskini wa mama mkwe wake.

*

Felista alimkuta kwenye chumba cha mashine, ameshika mpini bila kuuzungusha. Felista alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu aliyetokea jeshi la kujenga taifa, mwepesi wa namba kuliko wanaume wote wa darasa lile, na ndiye pekee aliyemwita Yunusi "Mzee" bila kumkebehi.

"Mzee, shikamoo. Nimesikia."

"Marahaba. Kumbe habari imeshafika mpaka huku."

"Hapa kitivoni hata kikohozi kinasambaa." Akavuta kiti, akashusha sauti. "Sikiliza. Chukua mashamba kumi hivi, punguza kilo mbili hapa, tatu pale. Sema mizani ilikuwa mbovu. Mtawanyiko utakaa sawa, nami nitakuzungushia mashine nusu. Atakubali tu. Anachotaka ni namba zinazofanana na mlima."

Yunusi aliinua penseli. Tukiri ukweli, aliiinua. Akaitazama namba nne, akamkumbuka mwenye shamba lile, Pili binti Kibwana, alivyosimama nje ya kamba na mtoto mgongoni akiuliza kama akimaliza kuvuna atamwachia mabua. Amkate Pili kilo ngapi? Kwa haki ipi? Akaiweka penseli chini.

"Nikifanya hivyo, mwanangu, ndipo nitakuwa nimepika kweli."

Felista alimtazama, kisha akazungusha mashine yake, krr, krr, krr.

*

Kihonda ya wakati ule ilikuwa vichaka na mikonge, nyumba za kuhesabika. Kutoka kitivoni mpaka kule ni kukatisha mji mzima kwa baiskeli, na mtu alikuwa na muda wa kuwaza mpaka akachoka. Yunusi na mkewe Hidaya walipanga huko chumba kimoja na ukumbi. Hidaya alikuwa barazani akichagua mchele, mtoto mchanga amelala kwenye mkeka kando yake.

Yunusi alimweleza yote bila hata kuvua kofia. Hidaya alisikiliza huku vidole vikiendelea kutoa chuya. Alipofikia habari za mashamba yote kulingana, vidole vikasimama.

"Baba Zena, yale mahindi ulikausha wapi?"

"Kwenu. Kwa mama."

Ilikuwa hivi. Mizani ilikuwa moja kwa kitivo kizima, na zamu ya Yunusi ilifika wiki ya tatu baada ya kuvuna. Mahindi mabichi yakikaa kwenye mfuko yanaota ukungu. Bi Mwaisha akapeleka ujumbe kupitia kwa bintiye kwamba dari lake juu ya moto wa jikoni lina nafasi, alete mifuko yake thelathini ikaukie pale. Kukataa ingekuwa matusi. Akaiacha pale, kila mmoja na kibao chake cha namba, akarudi mjini kuhudhuria masomo.

"Unakumbuka alivyoleta ule mkungu wa ndizi?" Hidaya akauliza. "Akamwagiza yule mama aliyeubeba aulize, 'Mkwe ameshinda?' Tukacheka. Nilidhani anauliza kama umeshinda salama."

"Eeh."

"Hakuuliza hivyo. Mimi ndiye niliyemwambia, siku ile tunapandisha mifuko darini. Nilimwambia, mama, yatunze haya, ndiyo mtihani wa Baba Zena." Akafunika mdomo kwa ncha ya kanga. "Yaa Rabi. Mama ameongeza."

Yunusi akakaa chini pale pale barazani. Yeye mwenyewe alikuwa bwana shamba, alijua. Nani aliwahi kwenda Uluguru kupima mahindi kwa sababu nyingine? Miaka ile serikali ilipima mahindi siku moja tu, Sabasaba, sikukuu ya wakulima, na mwenye mengi ndiye aliyepewa jembe jipya na kupigiwa makofi. Kwa mtu wa Kinole, mahindi yakiwa mtihani, basi mengi ndiyo kufaulu.

"Nenda ukamuulize," akasema.

"Twende wote. Mimi sitaweza kumweleza huo mtawanyiko wako."

"Mimi nitamuulizaje mama mkwe jambo kama hilo? Nimwambie ameiba?"

"Utasema na mimi," Hidaya akajibu. "Naye atasema na mimi. Si ndivyo mnavyosema siku zote?"

*

Walipanda lori la ndizi hadi Mkuyuni, na kutoka hapo wakaenda kwa miguu, mtoto mgongoni kwa mama yake. Njia ya Kinole ilinukia mdalasini uliotandazwa juani. Yunusi, aliyekulia Gairo kwenye upepo na vumbi, hakuacha kushangaa milima ile, jinsi maji yalivyokuwa yakiteremka kando ya njia bila kudaiwa na mtu. Hata siku ile, na moyo mzito vile, aliyasikia.

Wenye umri wanajua adabu ya ukwe ilivyokuwa. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Heshima ikizidi, watu hukaa mbali zaidi, na Bi Mwaisha alimheshimu mkwewe sana. Basi Yunusi akakaa barazani ameupa mlango mgongo. Bi Mwaisha akakaa ndani, nyuma ya ukuta wa udongo. Hidaya akasimama mlangoni katikati yao, kama karani wa baraza.

"Shikamoo mama," Yunusi akasema kuelekea migomba.

"Marahaba, mkwe. Mwambie mkwe karibu," sauti ikajibu. "Mwambie, ameshinda?"

Hidaya akageukia ndani. "Mama, yale mahindi ya mifuko. Uliongeza?"

Jikoni moto ukalia.

"Mwambie mkwe asihangaike kushukuru," sauti ikasema, na ndani yake mlikuwa na furaha ya mtu aliyefumaniwa akitenda wema. "Niliona mifuko mingine haina kitu. Ule wa Pili, namba ngapi sijui, mahindi yake hata panya asingeshiba. Nikasema, mwanangu atayapeleka haya mbele ya walimu wake? Mkono mtupu haulambwi. Nikaongezea ongezea pale palipopungua, yakalingana."

Yunusi akafumba macho. Yakalingana! Tangu atoke ofisini kwa Dakta alikuwa akitafuta kwa nini mlima umelingana, kumbe jibu lilikuwa limekaa jikoni kwa mkwewe likipuliza moto. Wema wa mama mkwe ulikuwa umemtokea puani.

"Mama," Hidaya akasema taratibu, "ule haukuwa mtihani wa mengi. Walitaka kujua ukweli wa shamba, baya liwe baya. Sasa wanasema Baba Zena amedanganya. Wanataka kumfukuza."

Wakasikia kitu kikianguka, pengine kibao cha mbuzi, na mama yule akaanza kulia kwa sauti ndogo.

"Basi nimemwua mkwe wangu. Miaka yote hii namwombea, kumbe mimi ndiye niliyemwua."

Yunusi alitamani kuinuka aingie, amshike mkono mama yule, amwambie hakuna mtu katika maisha yake aliyewahi kumtaka afaulu kiasi kile. Adabu ikamkalisha. Akasema tu, kuelekea migomba, "Mwambie mama asilie. Kuteleza si kuanguka. Mwambie mahindi bado yapo stoo ya kitivo, hayajapukuchuliwa. Ila yamechanganyika, nani atayatenganisha."

Kilio kikakatika.

"Mwambie mkwe anataka kunitukana," sauti ikasema. "Mahindi yangu mimi nisiyajue?"

*

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Bi Mwaisha aliingia stoo ya kitivo cha kilimo akiwa amejifunika kanga mbili, moja mpya, akiongozwa na bintiye aliyebeba mtoto mgongoni. Kwapani alikuwa na kifurushi. Yunusi alikuwa amekwisha kutoka kwa mlango wa pili. Akasimama nje chini ya dirisha la wavu, uso kwenye ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa. Vijana waliokuwa wakipita kwenda maktaba walimcheka waziwazi, na mmoja akamuuliza kama anahesabu matofali.

"Huyu ndiye shahidi wake?" akasikia Dakta akiuliza. "Na mwenyewe yuko wapi? Ameogopa?"

"Yuko nje, Dakta," sauti ya Felista ikajibu. "Ni mama mkwe wake."

Dakta Rwiza alikuwa ameishi ng'ambo miaka sita, lakini hata Bukoba kuna mama wakwe. Kiti kikasogezwa, mtu akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Samahani kwa usumbufu. Mkosaji ni mimi, si yeye."

"Tutaona, mama. Unasema unaweza kuyatambua uliyoyaongeza?"

"Nitashindwaje? Ni mbegu yangu. Ya mama yangu, na ya mama yake." Kifurushi kikafunguliwa. "Nimekuja na haya, ndiyo yaliyobaki darini."

Mahindi yalikuwa matano. Dakta hakuwa mtu wa kusadiki kwa sababu ya machozi. Akamwomba mama ageukie ukutani. Akayatia yale matano alama ndogo ya wino kwenye kitako, akachukua mengine matano kutoka mifuko mitano mbalimbali ambayo mama alisema hakuigusa, akayachanganya yote kumi kwenye ungo.

"Haya, mama. Nitolee ya kwako."

Nje, Yunusi aliegemeza paji la uso kwenye ukuta. Alijua hesabu ile. Mtu anayebahatisha anaweza kuchagua matano kati ya kumi kwa njia mia mbili hamsini na mbili, na ni moja tu iliyo sahihi. Maisha yake yote, Zena na wadogo zake, miaka ya bweni na ya uji bila sukari, yalikuwa kwenye ungo ule, mikononi mwa mama asiyejua kuandika jina lake.

Akasikia hindi likiwekwa chini. Jingine. Mkono wa mama haukusita hata kidogo, na alikuwa akiongea kwa sauti ya mtu anayesuka nywele za mtoto. "Hili langu. Ona safu zake zinavyozunguka kama msuko, na punje za mwisho zina wekundu. Hili langu. Hili si langu, hili la Mzee Mohamedi wa bondeni, punje pana za kizungu hizi. Hili langu. Hili la mke wa Ahmadi, yeye huvuna kabla halijakomaa sawasawa, nimemwambia mara ngapi. Langu. Na hili, langu."

Felista akayageuza vitako. Matano yote yalikuwa na wino. Kisha akapekua daftari la mifuko. "Dakta. Hata la Mzee Mohamedi ni kweli. Na la mke wa Ahmadi."

Dakta Rwiza alikaa. Alisema neno moja kwa Kiingereza, tena kwa sauti ya chini, halafu akasema kwa Kiswahili, "Leteni mifuko."

Ilichukua mpaka adhuhuri. Mifuko kumi na mmoja ilifunguliwa mmoja mmoja. Mama akitoa yake, Felista akipima yaliyobaki na kutaja kwa sauti, ili Yunusi aliyekuwa nje aandike kwenye goti. Namba mbili, kilo tatu. Namba nne, ya Pili, kilo moja na robo tatu. Namba tisa, kilo mbili na nusu. Mlima wa Uluguru ukarudi jinsi ulivyo, na mabonde yake na miteremko yake, namba baada ya namba. Mahindi ya mama yalipokusanywa yakawa mia na sita.

"Mia na sita!" Dakta akasema. "Mama, haya yote yalikuwa chakula?"

"Chakula kidogo. Mengi ilikuwa mbegu."

"Na msimu ujao ungepanda nini?"

"Si ningeomba kwa watu," Bi Mwaisha akasema, kana kwamba ameulizwa jambo la kitoto.

Dakta akafungua daftari tena. Alikuwa mtu wa kukamilisha. "Imebaki namba kumi na saba. Kilo moja na robo. Hii hukuigusa?"

"Sikuigusa."

"Kwa nini? Ilikuwa mbaya kuliko zote."

"Hiyo yangu, baba." Akacheka kidogo kwa haya. "Nijiongezee mwenyewe? Mkwe angesema najisifu."

Nje, Yunusi aliacha kuandika. Akakumbuka ghafla kitu. Kila shamba lilikuwa na fomu yake, na mwisho wa fomu palikuwa na sehemu ya maoni ya mpimaji. Siku aliyofika namba kumi na saba alikuta magugu yamefika magotini. Alijua shamba ni la nani. Lakini alijiambia kwamba sayansi haina ukwe, na kwa ule mkono wa bwana shamba wa miaka kumi na mmoja, akaandika, tena kwa kujisifu kwamba hampendelei mtu.

Na Dakta sasa alikuwa akisoma kwa sauti, "Maoni ya mpimaji. Palizi duni. Mkulima hana..." Akakatiza.

Karatasi ikafunikwa. Hidaya alikohoa. Yunusi angetoa shahada yake yote ili neno lililofuata, neno la bidii, liwe halikuandikwa.

"Ni kweli, baba," sauti ya Bi Mwaisha ikasema bila kinyongo. "Palizi ilikuwa duni. Mwezi wa palizi sikuwapo. Huyu binti yangu alijifungua, nikashuka mjini nimwogeshe mtoto na kumkanda mama mpaka arobaini iishe. Niliporudi magugu yalikuwa yameshashinda. Lakini mtoto ni mzima, mwenyewe si huyu hapa."

Siku arobaini zile Yunusi alikuwa amehamia bwenini kwa vijana, kwa kuwa mkwe hawezi kulala nyumba ya chumba kimoja na mama mkwe. Kila jioni alipita kwa baiskeli, akaacha kuni na samaki uani, akamwona mkewe anavyozidi kunawiri, na kuondoka. Hakuwahi kujiuliza nani anachota maji, wala huyo anayechota ameacha nini nyuma. Alikuwa ameuliza maswali thelathini kwa kaya thelathini, na hilo hakuliuliza. Pale ukutani, mtu mzima, mbele ya vijana wa maktaba, Yunusi akalia. Wala hakujificha.

*

Alirudia hesabu zote upya kwa siku sita, na Felista alimzungushia mashine kama alivyoahidi, safari hii kwa halali. Dakta Rwiza alimpa alama za wastani, akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba mwanafunzi awe mwangalifu na mahali anapokaushia sampuli. Kwenye fomu ya kumi na saba Yunusi alifuta maoni yake kwa mstari mmoja, ili yasomeke bado, maana kufuta kabisa nako ni kupika. Juu yake akaandika: Mkulima alikuwa akihudumia mzazi. Mpimaji hakuuliza.

Mahindi mia na sita yalirudi Kinole kwa lori la ndizi, na yale matano yenye wino juu yake. Kutoka Mkuyuni Yunusi aliyabeba mwenyewe begani. Bi Mwaisha alifuata hatua hamsini nyuma, na kila alipotua kupumzika, naye kule nyuma alitua.

Wapo wengi waliosoma takwimu miaka ile, na kila mmoja ana hadithi yake, ya mashine iliyomvunjia kidole au ya jedwali aliloliota. Yunusi baadaye alifanya kazi mikoa mingi na akapewa vyeo. Lakini kila mwaka, mwezi wa palizi, aliomba likizo, na watu wa ofisini hawakuelewa likizo gani hiyo ya kuchukuliwa wakati wa mvua. Alipanda Kinole na jembe lake, akaingia shamba la kumi na saba alfajiri, kabla mwenyewe hajaamka, akapalilia mpaka jua likawa la utosi. Vigingi vyake vinne alivikata kwenye mbono, na mbono haufi ukichomekwa, kwa hiyo vilichipua vikawa miti, na ule mraba wa mita tano ukabaki pale umesimama. Watu wa Kinole hadi leo pembe ile wanaiita Mtihani.

Hawakuwahi kukutana pale hata siku moja. Ila kila alipofika mwisho wa tuta, chini ya kigingi cha nne, alikuta sahani imefunikwa jani la mgomba, ugali bado wa moto, na juu yake hindi moja la kuchoma, lenye safu zinazozunguka kama msuko. Akala peke yake, ameipa nyumba mgongo, akijua kuwa dirishani kuna mtu anayehesabu matuta.